Gari la umeme la mizigo (volti 48) linachoka mlimani na linanuka mayai viza likichajiwa: naombeni ushauri

Mzigo_Mwepesi

Wakuu, habari zenu. Gari ni la umeme la kubebea mizigo, lenye bodi fupi nyuma, volti 48. Lina betri sita za volti 8 zilizoungwa mfululizo, zile za kujaza maji. Mota ni ya DC, chaja ni ya kujizima yenyewe. Betri zina miaka minne na zote zilifungwa siku moja.

Dalili ni hizi. Chaji iliyokuwa ikitosha siku nzima sasa inaisha adhuhuri. Mlimani linavuta kama limeshikwa breki. Likichajiwa linatoa harufu ya mayai viza, na chaja iliyokuwa ikijizima baada ya muda wa saa nane sasa inakesha inawaka. Tena mara nyingine ukikanyaga pedali unasikia "tak" lakini gari haliondoki mpaka ukanyage mara ya pili.

Nimepima seti nzima muda wa saa sita baada ya kutoa chaja, nikapata volti 48.6. Kwa kuwa gari ni la volti 48, naona betri ni nzima. Je, nianze na mota, kontrola (kidhibiti cha mota) au chaja?

FundiVolti

Mkuu, kabla ya yote usilichaji tena usiku huu. Harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ni sumu, na hutoka pale betri inapochemshwa kupita kiasi. Pamoja nayo inatoka haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Ukilikuta bado linachajiwa, fungua milango na madirisha, zima chaja kwenye swichi ya ukutani kwanza, ndipo uchomoe plagi ya gari. Ukichomoa ya gari wakati umeme unapita, cheche inaruka karibu na betri zenyewe.

Sasa hiyo 48.6. Neno "volti 48" ni jina tu. Seti yako ina seli 24, yaani nne ndani ya kila betri, na seli iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 2.12. Zidisha: seti nzima na iliyojaa inatakiwa isome karibu 50.9. Usomaji wa 48.4 ni wa seti iliyobaki nusu. Kwa hiyo ama chaja haijazi, ama kuna seli imekufa ndani ya betri mojawapo, na jumla inaificha. Pima betri moja moja, kichwa hadi kichwa, uandike kwa namba kuanzia ile yenye waya mkuu wa chanya. Kisha chukua haidromita (kipimo cha uzito wa asidi ya betri) upime kila seli.

Mzigo_Mwepesi

Asante mkuu. Matokeo:

Betri 1: 8.47
Betri 2: 8.49
Betri 3: 8.31
Betri 4: 6.42
Betri 5: 8.48
Betri 6: 8.46

Haidromita: betri 1, 2, 5 na 6 seli zote ziko kati ya 1.275 na 1.280. Betri 3 zote ziko karibu na 1.235. Betri 4, seli tatu ni 1.220, ya nne ni 1.100. Joto la maji ya betri lilikuwa nyuzi 27. Maji yalikuwa yameshuka sana, nikayaongeza wiki iliyopita.

FundiVolti

Jibu liko hapo. Betri nzima iliyojaa ni takriban 8.49. Yako namba 4 imepungukiwa na volti mbili kamili, yaani seli moja, na ndiyo ile ya 1.100. Kwa kawaida hapo mabamba yamegusana ndani, au tope la risasi limejaa chini hadi likayaunganisha. Hakuna dawa ya kumimina wala chaji ya kuifufua.

Na ndiyo sababu ya harufu. Chaja haijui kuwa umebaki na seli 23. Chukulia inalenga volti 59: kwa seli 24 kila moja inapata 2.46, kiwango salama. Kwa seli 23 kila moja inapata 2.57, na hicho ni kiwango cha kuchemsha betri kwa makusudi, kitu kinachofanywa mara chache kwa muda maalumu. Betri zako nzima zimekuwa zikichemshwa hivyo kila usiku. Maji yanaisha, joto linapanda, na chaja haioni ile dalili ya kujaa inayoisubiri, ndiyo maana inakesha. Ukinunua chaja mpya leo itafanya vilevile.

Kuhusu kipimo, kwa wengine wanaosoma: haidromita husahihishwa kwa joto. Kwa kila nyuzi 5 juu ya 27 ongeza 0.004, kwa kila nyuzi 5 chini yake punguza kiasi hichohicho. Tofauti ya 0.030 kati ya seli ni onyo. Ikibaki 0.050 hata baada ya chaji ya kusawazisha (ya volti za juu zaidi, ili seli zilingane), betri hiyo inaelekea kuisha.

Nyaya48

Nina swali kuhusu betri 3. Yenyewe na 4 ndizo zilizo chini, na zimekaa jirani. Kuna taa, redio au pampu iliyochukua umeme kwenye hizo mbili?

Mzigo_Mwepesi

Ndiyo. Taa za kazi za volti 12. Fundi alichukua volti 16 kwenye betri 3 na 4 akapitisha kwenye kishusha volti.

Nyaya48

Basi hicho ndicho chanzo, mkuu. Betri zilizoungwa mfululizo zinapitisha mkondo uleule zikichajiwa na zikitumika. Ukizichota mbili pembeni, zinashuka kuliko wenzake lakini zinarudishiwa kiasi kilekile cha chaji. Kila siku zinabaki na deni. Gari likitumika sana, seli dhaifu kwenye hizo mbili inafika sifuri wakati nyingine bado zina nguvu, na hapo wenzake wanailazimisha kupitisha mkondo hadi chanya na hasi zinageuka ndani yake. Seli ikigeuzwa hivyo mara chache tu imekwisha.

Taa ziunge kwenye kigeuzi cha volti 48 kwenda 12, kinachochukua umeme kwenye seti nzima: waya wa chanya kwenye chanya kuu, hasi kwenye hasi kuu. Weka fyuzi kwenye chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, isiyozidi uwezo wa waya. Usitumie bodi ya gari kama njia ya kurudishia hasi. Kwenye magari haya umeme wa volti 48 mara nyingi haugusi chasi kabisa, na ni vizuri ubaki hivyo.

SpanaKavu

Kabla hujafungua nati yoyote, soma hapa. Volti 48 haitishi kama umeme wa ukutani, lakini betri hizi zikigusanishwa na spana zinatoa mkondo wa kuyeyusha spana yenyewe na kurusha asidi usoni. Vua pete, saa na mkufu. Vaa miwani ya kufunika macho na glavu za mpira. Zungushia spana mpira au utepe wa umeme mpaka ibaki mdomo tu.

Funguo iwe imezimwa na imetolewa, gia katikati, breki ya kuegeshea imekazwa, magurudumu yamewekewa vigingi. Kama gari lina swichi ya kukokota, igeuzie upande wa kukokota. Piga picha ya nyaya zote. Anza kutoa waya mkuu wa hasi, ufuate waya mkuu wa chanya, ndipo ufungue vipande vya kuunganisha betri. Kontrola ina kapasita zinazobaki na chaji hata betri zikiwa zimekatwa, kwa hiyo ngoja dakika kadhaa na uhakikishe kwa mita kwenye vichwa vyake kuwa volti zimeshuka kabla ya kuishika.

Betri moja ya aina hii ina karibu kilo 30. Inyanyue kwa mkanda wake, wima, watu wawili. Ukiinamisha, asidi inatoka kwenye vifuniko. Ikigusa jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi kisha nenda hospitali.

Trei na vichwa vyenye ukoko safisha kwa bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia mikate, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Vifuniko viwe vimefungwa, maana tone likiingia ndani linaua asidi ya seli. Suuza, kausha, kisha unapofunga kaza kwa spana ya kipimo: betri nyingi za aina hii zinataka Nm 11 hadi 12, ila fuata kijitabu cha zako. Nati iliyolegea inapata joto na kuyeyusha kichwa cha risasi. Iliyokazwa mno inakipasua. Hasi kuu ndiyo ya mwisho kurudi.

Mzigo_Mwepesi

Nimeelewa. Maswali mawili: naweza kuruka betri 4 nikaendesha na tano kwa muda? Na kununua moja tu mpya, inafaa?

MamaKarakana

La kwanza, hapana. Betri tano ni seli 20, na chaja yako ni ya 24. Yaliyotokea kwa seli moja kupungua yatakuwa mabaya mara nne.

La pili, kwa seti ya miaka minne nakushauri ubadilishe zote sita. Betri mpya katikati ya zilizochoka haileti nguvu mpya. Zile za zamani zinaisha mapema, hiyo mpya inafuata mwendo wao, na ndani ya miezi inakuwa nayo imezeeka. Seti ingekuwa chini ya mwaka, ningesema badilisha moja. Seti mpya iwe aina moja, uwezo mmoja, na tarehe za kutengenezwa zinazokaribiana.

FundiVolti

Nakubaliana na Mama kwa seti yenye kazi ya mlimani kila siku. Ila kama fedha hazipo sasa, ipo njia ya kati: tafuta betri iliyotumika ya modeli ileile, umri unaokaribiana, ambayo seli zake zote nne hazipishani zaidi ya 0.030. Ichaji peke yake kwa chaja ya volti 8 hadi ijae, halafu ndiyo uifunge. Betri 3 nayo ichaji peke yake kabla ya kuirudisha kwenye seti. Hiyo itakuvusha kwa muda, usiitegemee zaidi ya hapo.

Baada ya kufunga, chaji seti nzima, kisha pima tena. Zikipishana bado, fanya chaji ya kusawazisha kama chaja yako ina mpangilio huo: volti 62 hadi 64 kwa seli 24, baada ya chaji ya kawaida kukamilika, mahali penye hewa, vifuniko vimefungwa. Pima kila saa na usimame pale haidromita inapoacha kupanda. Hii ni kwa betri za maji tu. Betri zilizozibwa zikifanyiwa hivi zinaharibika.

Na maji. Umesema uliongeza wiki iliyopita, bila kusema kama ni kabla au baada ya chaji. Maji hujazwa baada ya chaji, hadi milimita 3 chini ya ukingo wa kishimo cha kujazia. Ukijaza kabla, chaji inayapandisha na asidi inamwagika nje, halafu ukifidia kwa maji unaizimua zaidi. Ukikuta mabamba yako wazi kabla ya kuchaji, weka kidogo tu yafunikwe. Tumia maji yasiyo na madini, ya bomba hapana. Na angalia chupa vizuri: dukani jina "maji ya betri" wengine wanalitumia kwa asidi. Asidi haiongezwi kwenye betri iliyokwishaanza kazi, isipokuwa asidi yenyewe ilimwagika.

Chaji kila siku baada ya kazi, hata kama limetumika kidogo. Betri ya risasi ikilala na njaa, chembe za salfeti zinagandia kwenye mabamba. Jitahidi usishuke chini ya nusu, na asilimia 20 iliyobaki iwe ukomo kabisa.

SpanaKavu

Ile "tak" bila gari kuondoka, angalia solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota), lakini baada ya betri. Volti zikianguka, hata solenoidi nzima inashindwa kushika.

Kupima: inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara, ya mbele weka vigingi. Waya mweusi wa mita kwenye hasi kuu, mwekundu gusa kichwa kikubwa cha upande wa betri, kisha cha pili. Mwenzako akanyage pedali kidogo tu hadi isikike "tak". Asiikanyage zaidi, kwa sababu mota ya DC ya mfululizo bila mzigo inaweza kuzunguka hadi ikapasuka. Baada ya "tak" vichwa vyote viwili visome sawa. Kimoja kikibaki chini kwa zaidi ya sehemu chache za kumi za volti, vidole vya ndani, yaani sehemu zinazogusana kupitisha umeme, vimeungua.

Ukibadilisha, usiache rezista ndogo iliyo kati ya vichwa vikubwa. Ndiyo inayojaza kapasita za kontrola taratibu. Bila hiyo kila "tak" ni mlipuko mdogo, mwishowe vidole vinagandana, na gari haliachi kuvuta ukiachia pedali. Diodi kwenye vichwa vidogo nayo irudi kwa upande uleule. Ukiigeuza, inaungua.

BrekiKwanza

Mmemhudumia vizuri kwenye umeme. Niongeze la huo mlima.

Usilishike gari mlimani kwa pedali ya mwendo, hata kwa sekunde chache. Mota iliyosimama inapitisha mkondo mkubwa kwenye vipande vilevile vya komyuta (sehemu ya mota inayoguswa na brashi) na kuviunguza. Tumia breki. Kushuka, usiweke gia katikati. Kupanda na kushuka nenda moja kwa moja, usikate mteremko kwa ubavu ukiwa na mzigo. Magari mengi ya aina hii yana ukomo wa mteremko wa asilimia 20, takriban nyuzi 11, soma kibao cha lako. Na uzito ulioandikwa hapo mara nyingi unamhesabu dereva, abiria na vifaa ulivyoongeza, siyo mzigo wa nyuma peke yake. Kizito kikae chini na mbele ya bodi, kifungwe.

Likikwama na kukokotwa, swichi iwe upande wa kukokota na mwendo uwe wa taratibu. Bila hivyo, kwenye magari mengine mota inageuka jenereta na kuiunguza kontrola.

Kabla ya kulaumu betri mpya, inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Breki inayogusa na matairi yenye upepo mdogo yanakula chaji kimyakimya. Na unapoosha, maji ya presha yasielekezwe kwenye mota, kontrola wala chaja.

Mzigo_Mwepesi

Nashukuruni sana wakuu. Waya wa taa nimeukata tayari, na gurudumu la nyuma kushoto kweli linazunguka kwa uzito. Betri zikifika nitaleta vipimo vya seli zote 24 hapahapa.

BrekiKwanza

Hilo la kushoto fungua ngoma yake kabla betri hazijafika. Angalia kama kebo ya breki ya kuegeshea inarudi yote, na springi za viatu hazijakatika.