Ushauri wakuu: niandike moduli ya kerneli au nitumie draiva iliyopo?

kodi_usiku: Wakuu habari zenu. Nina sensa ya joto inaunganishwa kwa USB kupitia chipu ya CH340 (inayogeuza USB kuwa poti ya siriali), mashine ni Ubuntu 22.04, nataka programu yangu ya C isome rejista za kifaa (vihifadhi vidogo vya data ndani yake) moja kwa moja. Nikifungua /dev/ttyUSB0 (faili la hicho kifaa) naambiwa Permission denied, na /dev/mem (faili la memori ya mashine) hata kwa sudo inagoma. Jamaa kaniambia dawa ni kuandika moduli ya kerneli (kipande cha kodi kinachoingia kwenye kiini cha mfumo), C naijua ila kerneli sijawahi kuigusa. Nifanyeje?

fundi_tux: Usiandike moduli kwa hilo mkuu. Draiva (kodi ya kerneli inayoendesha kifaa) ipo tayari inaitwa ch341, piga lsmod, inayoorodhesha moduli zilizopakiwa, utaiona. Hapo kinachokukwamisha ni ruhusa za faili tu, jiongeze kwenye grupu la dialout (watumiaji wenye ruhusa ya poti za siriali) halafu logauti uingie upya.

bitimoja: Naongezea kwa fundi. Programu yako kwenye prosesa za x86 (Intel na AMD) inakimbia ring 3, ngazi ya ruhusa ndogo, kerneli ring 0, ngazi ya ruhusa zote, kwa hiyo ukijaribu kugusa poti za hadwea prosesa yenyewe inakukatalia, na MMU (sehemu ya prosesa inayogawa memori) inakuonyesha memori yako tu, mlango wako ni kuiomba kerneli kwa open, read, ioctl basi. Halafu sensa ya USB haina rejista kwenye memori ya mashine! Kilichopo pale ni kontrola ya USB, ambayo kibodi na mausi yako pengine vinaitegemea hiyo hiyo, sasa kila programu ikijichotea itakuwaje? Na kosa la ndani ya kerneli haliui programu moja, linaangusha mashine nzima. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta ambayo draiva yake inakaa kwenye kerneli ya Windows, iliangusha kompyuta kama milioni 8.5.

kodi_usiku: Asanteni sana, nimeelewa. Ile Permission denied imeisha, ila sasa ttyUSB0 inatokea halafu inapotea.

fundi_tux: Angalia dmesg (ujumbe wa kerneli), kuna sehemu inaitaja brltty?

kodi_usiku: Ndiyo! "interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1".

fundi_tux: Basi ndo hiyo. brltty ni ya vifaa vya Braille, baadhi vina namba ile ile ya CH340, 1a86:7523, ndo maana inamnyang'anya ch341. Kama hakuna asiyeona anayetumia mashine hiyo iondoe: sudo apt remove brltty. Kama yupo usiiondoe kabisa, zima ile ruli ya udev (huduma inayoshughulikia vifaa vikichomekwa) yenye namba hiyo tu.

kodi_usiku: Nimeiondoa, nikachomeka upya, data inakuja.