Nizime AC kwanza wakati nasubiri tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kusukuma hewa kwenye injini) ipoe, au haina shida?

Mzigo_wa_Tunduma:
Wakuu heshima kwenu. Kichwa ni Scania 420, tela semi, mzigo kama tani 28, njia ni Dar hadi Tunduma. Gari limefungwa pairomita (geji ya joto la moshi), kihisi chake kiko kwenye manifoldi ya ekzosi kabla ya tabo. Maelekezo niliyopewa ni kwamba nisizime injini mpaka geji ishuke hadi 150 °C. Usiku inashuka bila shida. Mchana pale Ruaha Mbuyuni, AC ikiwa inafanya kazi, mshale unagota 190 na hauendi popote hata nikisubiri dakika kumi. Nikizima AC unashuka taratibu hadi 155 hivi.

Je, AC inaumiza tabo? Na hiyo 150 ni sheria au mazoea?

Resi_Moja:
Zima AC mkuu, kompresa inaelemea injini. Ukishazima piga resi moja kubwa oili ipande kwenye tabo, halafu zima gari hapohapo.

Fundi_Pampu:
Hiyo resi ya mwisho msiifuate wakuu. Ukikanyaga mafuta, shafti ya tabo inapanda mizunguko ghafla. Ukizima hapohapo, pampu ya oili inasimama pamoja na injini, lakini shafti bado inazunguka, sasa bila oili. Kwa kifupi umeikausha mwenyewe.

Turudi kwenye swali. Lori likiwa na mzigo mlimani, moshi unaoingia kwenye tabo unafika 600 °C na zaidi. Konokono, yaani ganda la tabo la upande wa ekzosi, ni chuma kizito cha kutupwa, kinatunza joto kama chungu. Injini ikiwa inazunguka, oili inapita kwenye beringi za tabo na kuondoka na joto. Ukizima ghafla, joto la konokono linarudi kwenye shafti, na ile oili kidogo iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi magumu. Yakirundikana yanaziba njia ya oili na kukwangua beringi. Tunachokikimbia ni hicho.

Sasa pima mwenyewe: kati ya 600 na 190 umeshashuka zaidi ya nyuzi 400. Kati ya 190 na 155 kuna nyuzi 35 tu. Moshi wa 190 hauwezi kuunguza oili, maana oili ya injini iliyo nzima inahimili joto hilo.

Kondensa_Chafu:
Naongezea kwa nini mshale unagota. Injini ikiwa sailensi (inazunguka bila kukanyagwa mafuta) haina mzigo zaidi ya kujizungusha yenyewe, alternata na pampu zake, kwa hiyo inachoma lita 2 hadi 3 tu kwa saa. Kompresa ya AC inadai kilowati chache. Barabarani, kwa injini ya farasi 420, huisikii kabisa. Kwenye sailensi, kilowati hizo hizo ni sehemu kubwa ya kazi yote ya injini, ndiyo maana dizeli inayopulizwa inaongezeka na moshi unapata joto. Geji yako haina kosa, inasema kweli. Ila kusubiri 150 huku AC imewashwa saa nane mchana ni kusubiri kitu kisichokuja.

Hiyo 150 ni mazoea ya watu wa pikapu za dizeli Marekani, wao husema 300 kwa kipimo chao cha Fahrenheit. Vitabu vya malori vingi vinataja muda, kwa kawaida dakika 3 hadi 5 za sailensi baada ya mzigo mzito.

Mzigo_wa_Tunduma:
Kwa hiyo nikiwa na AC niweke mpaka wangu wapi?

Fundi_Pampu:
Chini ya 200 na mshale umetulia kwa dakika mbili tatu, zima. Hii dakika mbili ina maana yake: geji inasoma moshi, haisomi chuma. Moshi unashuka ndani ya sekunde chache baada ya kuachia mafuta, konokono inachelewa. Anayezima mara tu mshale unapogusa namba hajapoza kitu.

Kilicho muhimu kuliko AC ni dakika kumi za mwisho kabla hujaegesha. Ukiingia kwenye foleni ya mizani Vigwaza ukajivuta taratibu, tabo imeshapoa kabla hujafika kwenye sahani, dakika moja inakutosha. Ukipanda mlima wa Kitonga ukaegesha juu kileleni, hapo ndipo dakika tano zinahitajika, AC iwe imewashwa au imezimwa. Dizeli ya dakika tano haizidi robo lita. Tabo utainunua kwa bei unayoijua.

Ritada_na_Maji:
Wakuu, mnazungumzia tabo peke yake. AC ina ubaya mkubwa zaidi kwa maji kuliko kwa tabo.

Kondensa (inayotoa nje joto la AC) imekaa mbele ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), intakula mbele ya rejeta. Joto lote linalotolewa kabini linapulizwa kwenye rejeta. Gari likiwa linatembea upepo unatosha. Ukisimama, feni ndiyo tegemeo lako, na kwenye sailensi ya mizunguko 600 inavuta hewa kidogo mno.

Halafu angalia njia yako hiyohiyo. Ukitokea Iringa unashuka Kitonga kwa ritada (breki ya ziada inayopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu), injini haichomi dizeli, tabo inafika Ruaha Mbuyuni ikiwa baridi. Lakini ritada ya mafuta inatupa joto lake lote kwenye maji ya injini. Pairomita itakuambia 120, ukafurahi ukazima, kumbe geji ya maji iko 100. Pampu ya maji ikisimama, maji yaliyo kwenye silinda hedi yanazidi kupanda, yanachemka na kutapika kwenye tangi la akiba.

Katika hali hiyo zima kitufe cha AC, acha feni ya kabini ipulize, pandisha mizunguko hadi 900 au 1,000 mpaka maji yarudi chini ya 90. Kisha shusha hadi sailensi ya kawaida dakika moja ndipo uzime. Mfuniko wa rejeta usiuguse.

Kondensa_Chafu:
Sahihi. Na kama maji yanapanda kila ukisimama na AC, kagua haya kabla ya kulaumu AC:

Vumbi na nyasi kati ya kondensa na intakula. Ukitazama kwa mbele utaona pasafi, uchafu umejificha katikati. Fungua, osha kwa mpira wa kawaida ukianzia upande wa injini kutokea nje. Mashine ya presha ukiisogeza karibu inalaza mapezi yote.

Feni ya rejeta yenye kiungo cha mafuta kwenye kitovu: injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka yenyewe bila uzito wowote, au ikiwa na mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye kitovu, imekufa.

Gesi iliyozidi kwenye AC nayo inapandisha presha ya kondensa bila sababu. Ijazwe kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko, siyo kwa kukisia kwa geji.

Resi_Moja:
Nimekubali kuhusu resi. Je, kama tabo imeshaanza kuharibika kwa mtindo huo?

Fundi_Pampu:
Vua bomba la hewa upande wa kompresa ya tabo (si ya AC), shika shafti. Mchezo mdogo wa kushoto na kulia ni kawaida, wa mbele na nyuma usiuhisi kabisa kwa vidole. Mapanga yakigusa nyumba yake, tabo imekwisha. Ukifunga mpya badilisha na bomba linaloleta oili, maana masizi ya zamani yako mle ndani na yataua hata hiyo mpya. Mimina oili safi kwenye tundu la oili la tabo, zungusha shafti kwa mkono, kisha piga stata sekunde 15 huku dizeli imekatwa, ndipo uwashe.

Mzigo_wa_Tunduma:
Swali la mwisho: kuna faida yoyote ya kuzima AC mapema kama maji na tabo viko sawa?

Ritada_na_Maji:
Ipo, ila si ya injini. Ukizima kitufe dakika mbili tatu kabla ya kuegesha na kuacha feni ya kabini, ivapareta (kipoza hewa cha AC ndani ya kabini) inakauka na kabini hainuki ukungu asubuhi.