Tunahama mwisho wa mwezi, mwanangu wa miaka mitano kaanza tena kukojoa kitandani. Naombeni ushauri

mama_watatu:
Salaam wakuu. Naombeni ushauri, matusi pembeni, kichwa kimejaa tayari.

Mume wangu kahamishwa kikazi na mwisho wa mwezi tunaondoka. Tuna watoto watatu: wa kwanza wa kiume ana miaka mitano, wa pili wa kike mitatu, na mdogo ana miezi minane, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Nyumba imegeuka ghala. Nikifunga boksi, huyu wa miaka mitatu analifungua nyuma yangu na kuingia ndani. Jana nimetafuta kijiko cha dawa nusu ya siku, kumbe nimekifungia pamoja na mapazia.

Hayo nayamudu. Shida ni huyu mkubwa. Kukojoa kitandani alishaacha zamani, sasa kaanza upya. Si kila siku. Anakojoa usiku mbili tatu mfululizo, anakaa sawa, halafu tena. Asubuhi nakuta kalikunja shuka mwenyewe na kulisukumia uvunguni eti nisilione. Baba yake anasema ni deko. Nimemkatia maji kuanzia jioni, wapi. Nimfanyeje kabla hatujaondoka? Kuna dawa?

Kipanga Mzee:
Dawa ni kumwamsha saa tano usiku na saa kumi alfajiri, basi. Sisi tulikuwa tunalala watatu kitanda kimoja na asubuhi hakuna anayekiri. Mama alikuwa anapapasa kaptula moja moja. Kaka yangu alikuwa mjanja, akishajikojolea ananihamishia mimi upande wake, yeye analala kwangu pakavu. Nimechapwa kwa makosa yake mpaka nikaanza shule. Leo ni mtu mzima mwenye heshima zake, nikimkumbusha anakata simu.

nesi_zamu:
Pole mama. Kwanza mrudishie maji yake, kumnyima kabisa hakutibu. Mpunguzie kidogo tu muda ule wa kulala, na aende chooni kabla hajapanda kitandani. Asichapwe wala asisemwe mbele ya wadogo zake.

Pili, mtoto wa chini ya miaka mitano akikojoa kitandani kwa kawaida hatusemi ni ugonjwa. Ila aliyekaa mkavu zaidi ya miezi sita kisha akaanza upya tunamwangalia. Anasikia maumivu akikojoa? Ana homa? Anakunywa maji mengi kuliko zamani, au amepungua uzito? Choo kikubwa anapata vizuri? Mtoto mwenye choo kigumu kibofu chake hubanwa, na wazazi wengi hawaoni uhusiano. Mpeleke apimwe mkojo, waangalie maambukizi na sukari.

Vikitoka safi, basi tuangalie nyumbani. Kuna kitu kingine kimebadilika zaidi ya hayo maboksi?

Bwana Mizigo:
Mimi kazi yangu ni kuhamisha watu, mambo ya mkojo nawaachia wenyewe. Dada, vitu vya watoto vifungwe mwisho na vishushwe kwanza. Tenga begi la usiku wa kwanza: shuka, nepi, dawa, tochi, chaja, na kile kidoli ambacho bila yeye halali mtu. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki usiweke kwenye lori hata kama dereva ni shemeji yako. Mkononi.

Na huyo anayetambaa, usiache ndoo ina maji hata yawe kidogo, wala mifuko ya plastiki sakafuni. Kabati la droo usianze kutoa vitu vya chini. Likibaki zito juu, mtoto akining'inia kwenye droo linamlalia. Anza juu ushuke.

Chongo la Mji:
Hilo kabati linasafiri au linauzwa? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

mama_watatu:
Asanteni. @nesi_zamu hospitali tulishakwenda, mkojo safi, sukari hana, choo anapata. Hakuna kingine kilichobadilika. Kuhama nimemweleza vizuri na ameelewa.

Shangazi Halisi:
Mwanangu, umemweleza nini hasa? Maana mtoto wa umri huo ukimwambia "tunahama" anaweza kudhani kitanda chake kinabaki, au paka anabaki, au yeye mwenyewe. Umemwonyesha hata picha ya nyumba mnayokwenda? Anajua atalala wapi? Na shule huko mmepata? Barua ya uhamisho usisubiri siku ya mwisho, walimu wakuu hawakai ofisini.

mama_watatu:
Shule haina shida shangazi, ataendelea pale pale.

Shangazi Halisi:
Pale pale wapi? Si mnahama?

Kipanga Mzee:
Hapo hata mimi nimesimama.

mama_watatu:
Haya, niseme tu. Mkubwa atabaki na bibi yake mzaa baba mpaka mwaka wa masomo uishe, halafu atatufuata. Sikutaka kulileta hapa kwa sababu sikuja kuulizia hilo, nimeulizia mkojo.

Kabla hamjanirukia: nyumba tuliyopata ina chumba kimoja cha kulala. Nina anayenyonya na mwingine anayeamka usiku. Bibi anampenda, kitanda kashamwandalia, shule ni pua na mdomo kutoka kwake. Ada imeshalipwa. Mume wangu anasema tukimuaga mtoto atalia siku nzima na sisi tutashindwa kuondoka, kwa hiyo tumekubaliana tuondoke usiku akiwa amelala kwa bibi. Akiamka atakuta tumeshafika huko. Kuhama anajua. Kubaki ndiyo hajaambiwa.

Baba Ushauri:
Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nimemaliza.

Chongo la Mji:
Umemaliza nini, hujaanza.

Kitinda Mimba:
Nyie msimtishe dada wa watu. Mimi nimelelewa na bibi tangu nikiwa na miaka minne na ndiyo maisha matamu kuliko yote niliyowahi kuishi. Bibi alikuwa hanichapi, ananisimulia hadithi mpaka anasinzia yeye. Nilipokuja kuchukuliwa nilijificha juu ya mti. Kwa bibi si jela.

Njia Panda:
Mimi niliachwa vivyo hivyo, usiku, kwa nia njema. Asubuhi nilikuta viatu vya mama havipo mlangoni, nikakaa pale kwenye kizingiti nikijua katoka kidogo. Bibi yangu naye alikuwa mwema, sina neno naye. Lakini tangu siku hiyo nikawa silali mpaka nihesabu viatu. Nimeoa, nina watoto, na bado kabla ya kulala natupia jicho mlangoni. Mke wangu anadhani naogopa wezi.

Mwalimu wa Awali:
Nakazia hapo. Kubaki na bibi si tatizo lenyewe, familia chungu nzima zinafanya hivyo na watoto wanakua. Tatizo ni kumtoroka. Daktari mmoja Mwingereza, John Bowlby, aliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto wanaotenganishwa na mama zao, na tangu hapo jambo hili limechunguzwa sana. Mtoto anayeagwa analia, ni kweli. Anayetorokwa naye analia, ila baadaye, na anaanza kumganda aliyebaki kwa sababu hajui naye ataondoka lini.

Chongo la Mji:
1951! Huyo daktari naye alihama na lori la nani?

Mpelelezi Huru:
Samahani niharibu msiba. Hii ni chai. Rudini posti ya kwanza: mtoto anakojoa nyumbani kwa mama, anaficha shuka uvunguni kwa mama. Posti ya juzi: amelala kwa bibi, kitanda kipo kwa bibi. Mtoto yuko wapi sasa? Na mtu mwenye watoto watatu, maboksi nyumba nzima, anapata wapi utulivu wa kuandika aya zimenyooka namna hii? Huyu anatunga, kesho mtaikuta mahali imewekwa picha na muziki.

Kipanga Mzee:
Hata mimi harufu ya majani ya chai niliisikia mapema, nikanyamaza kwa adabu.

Baba Ushauri:
Wanawake wa mitandaoni.

mama_watatu:
Naandika kwenye simu mtoto akiwa ziwani, mkono mmoja. Ningekuwa natunga ningejitungia nyumba ya vyumba vitatu.

Mtoto anakaa kwangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa akitoka shule anakwenda kwa bibi, Jumapili jioni namfuata. Tunamzoesha, ili siku yenyewe asishtuke. Nilidhani linaeleweka.

nesi_zamu:
Ngojeni kwanza. Mama, usiku mbili tatu mfululizo ulizosema, ni usiku gani?

mama_watatu:
Jumapili. Jumatatu pia. Mara nyingine Jumanne. Kuanzia Jumatano anakuwa mkavu.

nesi_zamu:
Na kwa bibi?

mama_watatu:
Bibi anasema huko hakojoi hata siku moja.

Kitinda Mimba:
Si ndiyo hivyo sasa! Kwa bibi ndiko kunakomfaa. Mwacheni mtoto apumzike na makelele ya maboksi.

Njia Panda:
Au kwa bibi halali vizuri, kajibana anasikiliza. Akirudi kwa mama analegea.

nesi_zamu:
Kwa simu hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Ninachokiona ni kwamba linafuata ratiba ya kwenda na kurudi, halifuati maboksi. Huyo mtoto kuna kitu ameshakinusa. Kuna chochote anachomwambia bibi yake?

mama_watatu:
Anamuuliza kila Jumamosi asubuhi kama lori limeshakuja kwetu.

Shangazi Halisi:
Basi anajua.

Mpelelezi Huru:
Naondoa neno chai. Ila siombi radhi, posti ya kwanza ilikuwa na mapengo.

Mwalimu wa Awali:
Mwambie mchana, mkiwa wawili, wadogo wakiwa na baba yao. Sema maneno yenyewe: sisi tunatangulia, wewe unabaki na bibi, tutakuja kukuchukua. "Mpaka mwaka uishe" kwake ni maneno matupu. Mkatie vipande vya karatasi, kila Jumapili achane kimoja, aone vinapungua. Na msitaje tarehe msiyoiweza. Siku ya kuondoka awe macho, awapungie mkono. Atalia, mwacheni alie, bibi yupo.

nesi_zamu:
Na safari ya usiku iangalieni upya hata kwa ajili ya hao wadogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitaja saa 10 hadi 13 za usingizi kwa watoto wa miaka 3 na 4, na kwa mdogo ni zaidi ya hizo. Mkifika alfajiri hamjalala, na mizigo haijashushwa, mtatafutana.

Bwana Mizigo:
Usiku madereva wanapenda, barabara nyeupe. Lakini kushusha vyombo gizani ndipo vinapovunjika.

Shangazi Halisi:
Mimi bado sijaridhika. Chekechea hana mtihani wa kumfelisha. Chumba kimoja watu wamelala sita wakakua. Mchukue mwanao.

mama_watatu:
Shangazi, nakuheshimu, lakini wewe hutaamka nao usiku. Bibi keshajipanga, tukibadilisha sasa tutaonekana tunamchezea, na mume wangu hatanielewa. Kubaki atabaki. Kumwambia, nitamwambia Ijumaa kabla sijampeleka, hizo karatasi nimezikata tayari. Kuondoka mchana inabidi niongee na baba yao, akirudi nitamshikia simu asome mwenyewe, hasa hapo pa viatu.

Njia Panda:
Asome. Akitaka kuniuliza chochote, nipo.

Chongo la Mji:
Chumba kimoja cha kulala, watu wanne. Lile kabati litaingia kweli?

mama_watatu:
Haliingii. Nitumie ujumbe, ila uje na watu wa kulibeba.