Kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa mji: nikague nini kabla ya kulipa?

Njia_ya_Greda: Wakuu, kuna mradi wa viwanja vilivyopimwa nje kidogo ya mji. Kiwanja ninachokitaka ni mita 20 kwa 30, kiko upande wa chini wa barabara. Kwenye ramani kuna barabara ya mita 12, mitaro, laini ya majitaka na eneo la wazi. Uwandani kuna bikoni (vigingi vya zege vya mipaka) na njia ya greda, basi. Nikague nini mwenyewe?

Timazi: Anza na bikoni. Soma namba kwenye zege, ulinganishe na ramani ya upimaji, si kipeperushi cha muuzaji. Kisha pima pande nne NA milalo miwili, yaani kona hadi kona ya mkabala. Kwa 20 × 30 kila mlalo lazima uwe 36.06. Pande zikiwa sawa lakini mlalo mmoja unasoma 35.50 na mwingine 36.60, kiwanja kimelala upande, yaani kona zake si za mraba, na nyumba uliyochorewa huenda isikae.

Futikamba ivutwe usawa, usiilaze ardhini. Penye mwinamo wa mita 3 ndani ya 30, ukifuata ardhi utasoma 30.15, uanze kumlaumu mpimaji bure. Pima vipande vifupi, ukishusha timazi (uzi wenye uzito). Na bikoni za upande wa barabara zitazame mara mbili. Greda huzisukuma, halafu mtu huzisimamisha kwa kukadiria.

Mtaro: Mkuu, hizo ni sentimita. Shida yako ni maji. Mvua ya milimita 50 juu ya kiwanja chako pekee ni lita 30,000. Ongeza ya waliopo juu yako. Leo nyasi zinakunywa sehemu yake. Wakishaezeka na kusakafia, yatateremka kwa mkupuo, kwa hiyo kijifereji unachokiona sasa si kipimo.

Ufuate mtaro wa ramani kwa miguu hadi unapomwaga. Ukiishia nyuma ya kiwanja cha mtu, au kwenye kalvati (njia ya maji chini ya barabara) nyembamba kuliko wenyewe, maji yatarudi. Angalia pia majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka: kimo chake ndicho kimo cha maji yaliyopita.

Majitaka sasa. Bomba la milimita 100 lipe mshuko wa 1 kwa 60: kwa mita 25 ni sentimita 42. Likianza sentimita 45 chini ya ardhi, na kiwanja kiko mita 1.5 chini ya barabara, chemba ya barabarani, unapoungana na laini ya majitaka, inatakiwa kina cha karibu mita 2.4. Ikiwa na kina cha mita 1.5 tu, utahitaji pampu. Tofauti ya kimo ipime kwa mpira unaoonekana ndani, uliojazwa maji: maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Toa mapovu yote, povu moja tu linadanganya.

Njia_ya_Greda: Nikijaza kifusi kuinua kiwanja?

Mtaro: Inawezekana, lakini shindilia kila tabaka la sentimita 15 hadi 20. Ukimwaga lote kwa siku moja, litatitia na sakafu itapasuka. Ukuta wa kuzuia udongo uwe na matundu ya kutolea maji, na kokoto nyuma yake. Maji hayo yaelekeze mtaroni. Ukiyamwaga kwa jirani wa chini, umemhamishia tatizo lako.

Timazi: Na lile eneo la wazi: linganisha ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa na ya upimaji. Kama ya pili ina viwanja vingi zaidi, jiulize vimekatwa wapi: huenda ni kwenye eneo hilo la wazi.