Yule wa flashi pale Darajani, mnamjua. Leo sinyamazi!

Nimetoka ukumbini sasa hivi, buibui sijalivua. Jina simtaji. Apitaye Darajani anamjua: kompyuta tatu, feni moja, na hiyo feni kaielekeza kwake peke yake.

Wiki iliyopita nimempelekea CD 11 za marehemu baba. Taarabu tupu. Nyingine baba kazichoma mwenyewe kutoka kwenye kanda zake, juu kaandika kwa mkono wake, "Malindi, kanda ya pili", wale Malindi wa kikundi cha taarabu. Nikamwambia kaka, nihamishie kwenye flashi, majina uyaandike kama yalivyo. Akanijibu, "Dada, siku hizi hatuandiki, kompyuta inajua yenyewe."

INAJUA YENYEWE.

Basi leo harusi ya mdogo wangu. Flashi tumeichomeka kwenye televisheni ya ukumbi, kubwa kama mlango wa ghala. Wimbo ukianza, jina linatoka kwa herufi za kusomeka mpaka Chumbe. Anaingia mkwe, mama wa bwana harusi. Mwanamke wa mwili wake, mashallah, udi unamtangulia, anakwenda taratibu kama jahazi lenye shehena. Fidla zinalia. Na pale juu ya kichwa chake: NYANGUMI JIKE, SEHEMU YA TATU.

Ingekuwa Kizungu, pengine ingepita salama. Kikatokea kitoto cha darasa la tano: "Mama, pale wameandika nyangumi. Nyangumi ni nani?"

Nyangumi ni nani, jamani! Ukumbi kimya, fidla tu ndiyo inaendelea. Mkwe kaangalia juu, kisha kaniangalia mie.

Nimempigia fundi. Ati, "Kwani nyimbo hazipigi?" Zinapiga! Na kama ile ni sehemu ya tatu, basi ya kwanza na ya pili zilishapita sie tunakula sambusa!

BintiMlandege: Pole shoga. Mkwe alitunza au hakutunza?

Mleta uzi: Atunze nini, kaniangalia MIE!

YakheWaWete: Yakhe nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Nyangumi ni nani 😂😂

FundiMstaafu: Tuelewane. CD ya muziki kwa kawaida haina majina ndani. Programu ya kuhamishia nyimbo haisikilizi hata kinanda kimoja. Inahesabu nyimbo ngapi, kila moja inaanzia wapi, kwa vipande 75 katika kila sekunde, halafu inauliza kwenye intaneti: nani ana CD ya vipimo hivi? Orodha zenyewe wanajaza watu majumbani kwao. Kanda ya baba yako nani kaijaza? Ikaokotwa ya karibu nayo. Nyimbo tano, kila moja robo saa, taarabu na CD ya nyangumi vipimo vimoja. Fundi alitakiwa asome kabla ya kukubali.

Mleta uzi: Kwa hiyo kosa la baba yangu?

YakheWaWete: Kosa la nyangumi.

Kibandamaiti1: Wewe umepata hata nyangumi. Mie huyohuyo nimempa CD 8, intaneti siku hiyo haipo. Zote zikatoka "Wimbo wa 1", "Wimbo wa 2", akazitia folda moja, kila CD ikaifuta iliyotangulia. Nimelipia nane, nimerudi na moja. Na hiyo moja ilikuwa ya mke wangu!

BintiMlandege: Bora nyinyi. Wa kwangu wa simu, pale Michenzani, kabadilisha kioo kanirudishia na picha za watu nisiowajua. Wanakula pweza.

MzeeKokoni: Nyie acheni simu. Fidla zikilia hivyo mpaka ukumbi unanyamaza, hao Malindi. Wapo tangu 1905.

VugaKwetu: Ukumbi umenyamaza kwa ajili ya nyangumi, mzee. Na kwa fidla njooni kwetu, kikundi cha Culture.

YakheWaWete: 1905 walichoma CD kwa mkaa?

MzeeKokoni: Huna adabu. Dada, hiyo "kanda ya pili" unayo bado? Mie ya kwanza ninayo, ya pili naitafuta miaka.

Mleta uzi: Ninayo. Lakini mzee, umesoma alivyoniangalia?

VugaKwetu: Mzee, hiyo ya kwanza ina ule wimbo wa qanuni, ile ala ya nyuzi, peke yake mwanzoni?

MzeeKokoni: Ndiyo wenyewe. Dakika nne nzima kabla mtu hajafungua kinywa.

VugaKwetu: Ingawa ni Malindi, naitaka. Kesho Forodhani, baada ya isha. Naja na kompyuta yangu, majina tutaandika kwa mkono.