Mrejesho: stelingi iliyokuwa inagonga imepona

Wakuu, niliuliza kuhusu gari la familia kugonga "ko, ko" nikikata kona taratibu, na stelingi kuwa nzito kurudi katikati. Wengi mlihisi reki (mtambo wa stelingi unaogeuza magurudumu ya mbele). Mafuta ya stelingi yalikuwa kwenye alama, tairodi (vyuma vinavyounganisha reki na magurudumu) hazijalegea. Jibu lilitoka mkononi: mke wangu alizungusha usukani gari limesimama, mimi nimeweka kiganja juu ya springi ya mbele kushoto (vidole msiviingize katikati, vitabanwa). Springi ikawa inajikaza, inajikaza, halafu inaruka ghafla. Kumbe beringi ya juu ya shokapu, inayoiwezesha springi kuzunguka usukani ukikatwa, imeganda! Tumebadilisha kushoto na kulia, tukapima alaimenti (mwelekeo wa magurudumu). Sasa kimya, na usukani unarudi wenyewe. Aliyeniambia nishike springi, nakushukuru kwa dhati. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta reki.