Nina gari mbili na milioni 8: nichukue banda Karibu-KiliFair au niende Berlin?

Gari Mbili (mleta uzi)
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, huu mwaka wa 4. Land Cruiser mbili, moja bado namalizia deni la shemeji. Leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA, ninayo. Wateja wananijia kwa kusikia kwa wenzao, wengine mtandaoni, ambako siku hizi ni vita ya kushusha bei tu. Nimejibana nikapata milioni 8. Mke wangu anataka tuchukue banda Karibu-KiliFair, yale maonesho ya utalii ya Juni pale Kisongo. Rafiki yangu anasema pale watu wanaenda kunywa bia, wanunuzi wenyewe wako ITB Berlin, maonesho makubwa ya utalii kule Ujerumani mwezi Machi. Sijawahi kushiriki maonesho yoyote. Nisaidieni kabla sijaichoma hii hela.

Mzee wa Namanga
Lipa deni la shemeji. Uzi ufungwe.

Dada wa Usa River
Mdogo wangu, mzee anatania, ingawa si utani wote.

Nimeshika banda mara 6. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani na vipeperushi vyangu karibu vyote na sauti imekauka. Kosa langu ni kwamba nilikaa nikisubiri watu kama muuza nyanya. Mawakala wa nje, wanaouza safari zetu huko kwao, hawaji kuzurura, wengi ratiba zao zimeshajaa kabla hawajapanda ndege. Waandikie wiki kadhaa kabla, omba dakika 15 tu. Ijumaa, siku ya kwanza, ndiyo ya kazi. Ikifika Jumapili ni familia na watoto wanaokusanya kalamu na puto.

Halafu bei. Wakala akikaa kwenye kiti chako hatakuuliza habari za simba, simba anawajua. Atataka bei zako za wakala, yaani unazomuuzia yeye, za mwaka kesho, pengine na wa keshokutwa, kwa sababu kule wanauza safari mapema sana. Na ziwe kwa idadi ya watu: 2, 4, 6. Chukua kreta ya Ngorongoro. Gari kushuka ni dola 250, weka VAT asilimia 18 inakuwa 295. Wakiwa 2, kila mmoja anabeba 147.50. Wakiwa 6, ni kama 49. Ukitoa bei moja ya kichwa uliyoipiga kwa watu 6, akakuletea wanandoa wa fungate, hiyo fungate umeigharimia wewe.

Mshona Hema
Mimi Berlin nimefika. Tangu 2023 ITB ni ya wafanyabiashara tu, siku 3, kumbi kubwa mpaka miguu inawaka moto. Wengi wetu tunaingia chini ya banda la taifa, pamoja na Bodi ya Utalii, unalipia nafasi yako. Ila piga hesabu: tiketi, viza ya Schengen, na hoteli ambazo wiki hiyo zinapaa. Milioni 8 yako itaishia njiani. Nilipata wakala mmoja tu, na alituma kundi la kwanza baada ya mwaka na zaidi. Bado tunafanya naye kazi, sijutii. Lakini wakati ule nilikuwa na gari 5.

Gari Mbili
Dada, hiyo ya kreta imenichoma. Nimetoka kuangalia bei zangu, nina moja tu kwa wote. Sasa mwaka huu niingie kama mgeni tu, bila banda? Na nasikia mawakala wanaulizia bima.

Dada wa Usa River
Ingia kama mgeni wa biashara, au gawana banda na mwenye lodge ndogo, hamgombanii mteja. Bima wataulizia kweli, hasa wa Ulaya. Sheria yao ya vifurushi vya safari inambana aliyeuza kule, hata kama aliyeharibu ni wewe huku. Ukiwa huna bima ya dhima, ile ya kulipa mgeni akidhurika mikononi mwako, anafunga daftari kwa adabu na humwoni tena.

Na kila kadi unayopewa, andika nyuma mliongea nini, hapo hapo. Ikifika Jumatatu wote wanakuwa "yule mzungu wa kofia".

Suka wa Vumbi
Mimi dereva tu, mambo ya banda siyajui. Ila hao mawakala huwa tunawapeleka mbugani kabla au baada ya maonesho, wajionee wenyewe. Mwaka jana nilimbeba mama mmoja siku 4. Bei hakuuliza hata mara moja. Alivuta mikanda ya viti vyote, akageuza kizimamoto akasoma tarehe. Bosi, hiyo gari ya shemeji, kizimamoto chake mwisho lini?

Gari Mbili
Nimeshuka na tochi kuangalia. Oktoba. Ya mwaka juzi.